Shilingi Tano ya Bi Hindu Yenye Pembe Tisa

Umma wa Malindi, Kilifi, Mtwapa na vitongoji vyake vyote, wakiwemo wasioambilika, unatangaziwa kwa moyo mzito na kichwa kilichoinama kwamba Soko la Sarafu Kongwe la Pwani, lenye wanachama wanne, mabenchi mawili na birika moja la kahawa, limepatwa na msukosuko ambao haujaonekana tangu binadamu alipoanza kutoboa senti katikati. Bendera ingepepea nusu mlingoti, ila soko halina mlingoti. Lina kibanda cha mahamri mtaa wa Shela, Malindi, na mwenye kibanda ni Bi Hindu binti Twahir, umri miaka sitini na kidogo, ambaye ndiye mwenyekiti, mweka hazina, mpishi na mwenye mabenchi. Yafuatayo ni maisha yake, kwa ufupi, maana mbaazi zinapoa.

Bi Hindu hakuingia katika mambo ya sarafu kwa kusoma kitabu. Aliingia kwa kuuma.

Siku ya kwanza ya biashara yake, miaka thelathini na ushei iliyopita, mteja wa kwanza alimlipa kwa shilingi tano ya mwaka sabini na tatu, yenye pembe tisa. Bi Hindu alikuwa hajawahi kuona pesa yenye pembe nyingi namna ile. Aliona anafanywa mjinga asubuhi asubuhi, akaiuma. Jino liliacha alama kwenye sarafu, sarafu ikaacha ladha mbaya mdomoni, na mteja akacheka mpaka akashika nguzo. Kesho yake alirudi kudai chenji. Keshokutwa akarudi. Akarudi mpaka wakaoana. Anaitwa Fumo, siku hizi yuko Lamu kwa mke mdogo, na chenji hajapewa mpaka leo.

Ile sarafu Bi Hindu aliitupia ndani ya kopo la unga, chini kabisa, na mahamri ya siku ile yakaumuka kama mashavu ya mpiga zumari. Ya kesho yake vilevile. Basi imani ikamwingia: shilingi ikikaa koponi, mahamri yanakaa sawa. Hakumwambia mtu. Ukitoa siri kama hiyo Malindi, adhuhuri haijaadhiniwa utasikia unafuga jini, na alasiri utasikia jini lenyewe lina mchumba. Aliyejua ni bintiye tu, Ilham, kwa sababu alikutana nayo siku moja akichota unga.

Lakini jicho lilikuwa limekwisha funguka. Tangu hapo, kila chenji iliyopita mkononi mwa Bi Hindu ilipinduliwa, ikasuguliwa kwa kidole gumba, ikasomwa mwaka. Alipata senti kumi za tundu, zile ambazo zamani watoto walivalishwa viunoni. Alipata rupia nyeusi kama sufuria. Alipata reale ya fedha yenye picha ya mama wa Kizungu mwenye kifua cha heshima, ambayo aliigeuza upande wa pili kila Ijumaa. Zote alizitia katika bakuli la udongo juu ya rafu, na watu wenye ugonjwa huo huo wakaanza kumnusa kutoka mbali.

Wa kwanza alikuwa Gona, mchuuzi wa nazi kutoka Junju, mtu wa maneno mengi na breki chache. Akafuata Kamande, muuza spea za pikipiki kule Mtwapa, aliyekuja pwani kwa wiki mbili miaka kumi na nane iliyopita. Wa mwisho Caroline, mwenye saluni Kilifi, ambaye anaweza kukusuka, kukusengenya na kukuuzia florini ya zamani bila kuinuka kitini. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi walikutana kibandani, wakala mahamri na mbaazi, wakauziana.

Sheria yao ilikuwa moja, na ndiyo iliyoleta balaa lote. Mwanachama akimuuzia mwenzake sarafu kwa sababu ya shida, anabaki na haki ya kurudishiwa. Aliyenunua haruhusiwi kuiuza nje kabla hajamwita aliyemuuzia na kumwambia, "Njoo uchukue chako," kwa bei ileile aliyonunulia, na juu yake kitu cha chai. Ukubwa wa chai hiyo haukuandikwa mahali popote. Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa.

Kisha maisha yakapanda.

Unga ulipanda, mafuta ya kupikia yakapanda, gesi ikapanda mpaka watu wakaanza kuisalimia kwa heshima. Wageni wa mahoteli wakapungua, na waliobaki wakawa wanauliza bei halafu wanapiga picha ya kitu badala ya kukinunua. Wataalamu wa redioni husema kwamba dunia ikiyumba, vitu vya kale hupanda thamani kwa sababu matajiri hukimbilia huko. Labda huko redioni. Huku Malindi dunia ikiyumba kila mtu anauza, na wa kununua ni yuleyule anayeuza. Sarafu zikawa zinazunguka meza ya Bi Hindu kama sahani ya halua arusini, kila mtu anaonja, hakuna anayeshiba. Reale ya yule mama wa kifua ilibadilisha mabwana mara tatu kwa msimu mmoja, na kila bwana akamtoa kwa bei ya chini kuliko aliyemtangulia.

Bi Hindu alijibana. Alipunguza iliki, akapunguza tui, akapunguza sukari, akapunguza hamira, mpaka hamri likabaki na kumbukumbu tu ya hamri. Haikutosha. Asubuhi moja gesi ikamwishia, dumu la mafuta likakohoa tone la mwisho, naye akatia mkono ndani ya kopo la unga hadi kwenye kiwiko, akaitoa shilingi yake ya pembe tisa, akaipangusa kwa leso.

"Elfu tatu," alimwambia Gona, bila kumtazama.

"Bi Hindu, wewe ni kama dada yangu."

"Basi elfu tatu na mia tano."

"Elfu tatu ni sawa," akasema Gona haraka.

Wiki haikwisha, mahamri yakalala. Yalitumbukizwa kwenye karai yakazama kama yamepewa habari mbaya, yakatoka yalivyoingia, bapa. Ilham alilishika moja akaligonga mezani.

"Mama, haya ni mahamri au makubazi?"

"Ondoka hapa!"

"Nauliza tu. Kama ni makubazi tuyatafutie kamba."

Ng'ambo ya barabara alikuwepo Lynn, muuza chapati. Chapati zina bahati yake: zimezaliwa zimelala, hakuna anayezilaumu. Wateja wa Bi Hindu wakaanza kuvuka, kwanza mmoja mmoja kwa aibu, wakijifanya wanakwenda kusalimia, halafu kwa makundi bila haya. Wiki ya tatu alivuka hata imamu.

Bi Hindu alijua dawa. Shilingi yake irudi. Akaanza kufunga akiba kwenye pindo la leso, fundo dogo ambalo lilikua polepole kama jipu, huku akifuatilia safari za sarafu yake kwa simu. Gona aliiuza kwa Kamande kwa elfu mbili, pikipiki yake ilipokufa na nazi zikawa hazina mnunuzi. Alipokea pesa kwa mkono wa kulia akazirudisha kwa mkono wa kushoto, maana spea ziko kwa Kamande huyohuyo. Kamande naye, kodi ya duka ilipomkaba, akaiuza kwa Caroline kwa elfu na mia mbili. Malindi, Junju, Mtwapa, Kilifi. Shilingi tano ilikuwa imetembea kuliko mbunge, na kila kituo ilishuka bei. Bi Hindu alihesabu kwamba ikishuka mara moja tu tena, fundo lake litaifikia.

Ndipo Babu Renzo akapiga simu.

Babu Renzo ni Mwitaliano wa Malindi, yule wa aina ya kikoi na kandambili, aliyekaa mjini miaka thelathini mpaka mbu wamemchoka. Alikuwa na mkahawa ufukweni, na katika pwani nzima ndiye mtu pekee aliyewahi kununua sarafu bila kuuliza "mwisho ngapi?" Alimpigia Caroline akasema, "Jumamosi nakuja kwa Bi Hindu na mkoba. Mambo ya sarafu. Chao." Akakata.

Mkoba! Kutoka Kilifi habari ilipofika Mtwapa, mkoba ulikuwa mkubwa. Ilipofika Junju, ulikuwa na magurudumu.

Jumamosi wote walifika kabla ya birika kuchemka. Shilingi ya pembe tisa iliwekwa kwenye kisahani katikati ya meza, na pale haikusogea tena. Waliosogea ni wenyewe wake. Bi Hindu alikuwa jikoni, hatua tatu kutoka mezani, anapigana na mahamri, sikio moja kwenye karai na jingine kwenye kisahani.

"Kamande," alianza Caroline kwa sauti ya kanisani, "kwa sheria yetu, njoo uchukue chako."

"Ngapi?"

"Elfu mbili."

"Caro! Mimi nilikupea hii kitu na elfu na mia mbili!"

"Na chai."

"Mia nane ni chai? Ni chai ya harusi?"

"Hutaki, sema. Mzungu yuko njiani."

Kamande alituma pesa kwa simu kabla hajamaliza kukasirika. Kisha akajifuta jasho, akageuka, na uso wake ukawa umebadilika kabisa. Ulikuwa sasa uso wa mwenye mali.

"Gona, ndugu yangu. Sheria ni sheria. Njoo uchukue chako. Elfu tatu na mia tano."

"We Kamande, umeishika dakika moja!"

"Hiyo dakika unajua nimeteseka aje?"

Gona akatukana kwa Kigiriama, neno refu lenye mbuzi ndani yake, akatuma. Kisha akakivuta kisahani upande wake, akakohoa.

"Bi Hindu! Dada yangu. Wewe ndiwe mwanzo wa yote, na haki yako haiguswi. Njoo uchukue chako. Elfu tano."

Bi Hindu alilipapasa pindo la leso. Fundo lilikuwa na mia nane, na mojawapo ya zile noti ilikuwa imebandikwa kwa gundi.

"Ngoja nigeuze mahamri."

"Bei inapanda ukigeuza."

"Na mafuta yanaungua nikigeuka. Ngoja."

"Elfu tano na mia tano."

"Gona, hata hajaonekana huyo Mzungu wako!"

"Akionekana itakuwa saba."

Ilham alimtazama mamake. Bi Hindu aliyatazama mahamri karaini, yamelala kifudifudi kama watu waliofiwa. Akatazama ng'ambo, imamu anakunja chapati. Akafuta mikono, akapanda kigoda, akaliteremsha lile bakuli la udongo kutoka rafuni, miaka thelathini ya senti za tundu, rupia nyeusi, vyote vilivyobaki, akaliweka mbele ya Gona kwa mikono miwili.

"Chukua lote," alisema. "Nipe yangu."

Caroline alifunga mdomo, jambo ambalo wateja wake wa saluni wangelipa kuliona. Mkono wa Gona ukaanza kwenda bakulini, polepole, kama mkono wa mtu anayeona haya kwa mbali lakini anakwenda hivyohivyo.

"Salaam alekum!" ikaita sauti mlangoni.

Babu Renzo, kikoi, kandambili, na mkoba. Haukuwa na magurudumu.

"Alekum salaam, Babu. Karibu, keti," akasema Bi Hindu, na mkono wa Gona ukaruka kutoka bakulini kama umeungua.

Renzo aliketi, akachukua hamri, akaligonga mezani, akalisikiliza.

"Hili limekufa lini?"

"Babu, hayo ya baadaye," Gona alimkatiza, akiinua kisahani kwa vidole viwili kama mtu anayebeba yai la mfalme. "Kabla hujasema neno, tazama hii. Pembe tisa. Sabini na tatu. Hii ukiiona, umeona."

Renzo alivaa miwani. Akatabasamu kwa huzuni.

"Ah, Gona. Na wewe unauza?"

Neno lile "na wewe" lilitua mezani kabla ya maana yake. Kisha Renzo akafungua mkoba. Ndani, juu ya kitambaa cha zambarau, zimepangwa kama askari wa gwaride, zilikuwepo shilingi tano za pembe tisa. Kumi na moja.

"Miaka thelathini," alisema Renzo, "kila niliyoiona nilinunua. Sasa nauza. Nimeanza na nyinyi kwa sababu ni marafiki. Mkahawa umefungwa. Pensheni inatoka Italia nzima, inafika hapa imechoka. Stima ya friji peke yake, mama yangu! Mimi sasa ni maskini wa Kizungu, na hiyo kazi ni ngumu, kwa sababu hata ukiomba watu wanafikiri ni mzaha."

Wachumi wana vitabu vizito vya kueleza kilichotokea pale. Kamande alikieleza kwa kucheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Caroline aliiingiza simu yake na elfu mbili zake ndani ya sidiria na kufunga vifungo vyote.

"Kamande," Gona alisema kwa sauti nyembamba, "kwa sheria yetu, njoo uchukue..."

"Chako ndio ulichukua, ndugu. Kunywa chai yako."

Gona kwa hasira aliitupa sarafu mkobani. Haikubingirika, kwa kuwa pembe tisa hazijui kubingirika. Iliruka kama chura, ikagonga wenzake, gwaride likavunjika, na sasa zikawa kumi na mbili, zote zimelala ovyo, zote mapacha.

"Haya basi! Ipi ya kwetu?" Kamande akauliza, akaangua kicheko kipya.

Bi Hindu alikuja na leso yake begani. Aliinama, akazishika moja moja, akazipapasa ukingoni kwa kidole gumba. Ya tano akaiacha kiganjani. Pale penye kona palikuwa na kashimo kadogo ka jino la mwanamke mwenye hasira.

"Ni hii." Akafungua fundo. "Gona, mia tano. Na mbaazi."

"Mia tano! Bi Hindu, mimi leo..."

"Mia nne. Nageuza mahamri."

"Mia tano ni sawa," Gona akasema haraka.

Bakuli likarudi rafuni. Renzo akapewa mbaazi sahani nzima, na hakuna aliyemdai kitu. Ilham, akiosha vikombe, akamnong'oneza mamake.

"Mama. Huyu alikuwa nazo kumi na moja."

"Nimeona."

"Na mkahawa wake umekufa."

Bi Hindu aliitazama shilingi kiganjani mwake kitambo, akazitazama zile kumi na moja mkobani, akamtazama Renzo anavyopangusa sahani kwa hamri gumu. Kisha akasema "Hebu," peke yake, akaingia jikoni.

Asubuhi iliyofuata mahamri yaliumuka. Na hayakuumuka tu, yalifura, yalivimba, yakawa yanagombania nafasi karaini na kusukumana kama watu wa foleni ya paspoti. Harufu ilivuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto. Saa mbili wateja walikuwa wamerudi. Saa tatu imamu alirudi, akasema alikuwa safarini. Saa nne Lynn mwenyewe alikuja na sahani yake, akanunua sita, akasema ni ya mgonjwa.

Jumatatu kabla ya adhuhuri pikipiki ya Gona iliingia Shela ikiwa na Kamande nyuma na Caroline nyuma ya Kamande. Ilham, kumbe, alikuwa ameitoa siri ya kopo la unga kwa Caroline kwenye simu, na kumwambia Caroline ni sawa na kusoma kwenye kipaza sauti cha msikiti. Nyuma yao akaja Babu Renzo kwa miguu, anatweta, na mkoba.

"Bi Hindu, elfu kumi," akasema Kamande kabla ya kuketi. "Naiweka dukani kwa spea. Siku mbili tu nipate nguvu."

"Haki ya kurudishiwa ni yangu!" Gona akapiga meza. "Mimi ndiye niliyekuuzia kwa shida, mashahidi wote wapo!"

"Nikodishie niiweke saluni, Jumamosi hadi Jumamosi," Caroline akasema. "Nitaileta imepakwa mafuta."

"Mimi nimefikiri," akasema Renzo, akifungua mkoba kwa heshima. "Zangu hazikufanya kazi kwa sababu hazikuumwa. Bi Hindu, tafadhali. Ziume. Kila jino, mia mbili."

"Elfu kumi na tano!" Kamande akaongeza.

Watu wa foleni ya mahamri wakasogea. Mmoja akatoa simu akaanza kurekodi. Gona akaona umati, na mtu kama Gona akiona umati hawezi kuketi. Alipanda juu ya benchi, akakohoa, akanyoosha shati.

"Bi Hindu binti Twahir," alinguruma, "mwenyekiti wetu, dada yetu, mama wa mahamri! Mbele ya wanachama, mbele ya mgeni wetu kutoka Italia, na mbele ya pwani yote iliyokauka mifuko: tueleze. Ile shilingi ilipokurudia mkononi, uliifanya nini, uliisomea nini, mpaka neema ikashuka juu ya karai hili?"

Bi Hindu aligeuza hamri moja, likajiviringisha, limejaa, la dhahabu.

"Niliongeza hamira."